Halibati wa Greenland: wakubwa hapa, wadogo kule

Mnunuzi wa samaki pale City Market, Nairobi, amezoea sangara na ngege wa Ziwa Victoria. Aliyekulia Pwani atamkumbuka gayogayo, samaki bapa ajifichaye mchangani, macho yote yakiwa upande mmoja. Halibati wa Greenland ni wa kundi hilohilo, ila tabia zake ni nyingine. Jicho lake la kushoto lilihama likakomea ukingoni mwa kichwa, halikuvuka. Hivyo huona pande zote, na mara nyingi huondoka sakafuni kufukuza ngisi na samaki wadogo majini juu. Hata ubavu wake wa chini ni wa kiza, si mweupe kama wa gayogayo.

Makao yake ni Atlantiki ya Kaskazini, Pasifiki ya Kaskazini na Aktiki, hasa kina cha mita 400 hadi 1,000.

Kinachotatiza ni mazalia. Katika Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norway na Urusi, hutaga kwenye mteremko wa chini ya bahari, kati ya Norway na kisiwa cha Bjørnøya, mita 500 hadi 800 chini, na kilele ni Desemba na Januari. Mayai, yenye upana wa milimita 4 hivi, huelea kilindini. Makinda yakishaanguliwa, mkondo huyapeleka kaskazini hadi visiwa vya Svalbard na Franz Josef Land. Kwa hiyo nyavu zikijaa pale mteremkoni, mvuvi asifurahi upesi: huenda amekuta mkusanyiko wa wazazi, ilhali kule kaskazini wadogo ni haba. Ndiyo maana watafiti hulazimika kupima sehemu zote mbili kabla ya kutaja wingi wa samaki hawa.

Majike huchelewa kukomaa, wengi wakikaribia miaka kumi au kuipita, na kundi likipungua hukawia kurudi. Ugomvi nao haukosi: Machi 1995 Kanada iliikamata meli ya Kihispania, Estai, nje ya eneo lake la uvuvi la maili 200 kutoka pwani, kwa sababu ya samaki huyuhuyu.

Wavuvi wetu wa omena hulalamikia marufuku ya Aprili hadi Julai, na njaa yao naielewa. Omena hukua haraka, miezi minne huleta nafuu. Katika Bahari ya Barents, uvuvi uliomlenga halibati ulipigwa marufuku mwaka 1992, vikaachiwa vyombo vidogo vya pwani ya Norway tu. Halibati alisubiri zaidi: Norway na Urusi zilikubaliana viwango vipya vya kuvua kuanzia 2010, miaka 18 baadaye.