Programu Ikiwa Winguni, Dhamana Bado Ni Yako

Kila msimu wa wageni, malalamiko yanayofika ofisini kwetu hapa Lamu yanafanana. Mgeni alituma picha ya pasipoti kwa nyumba ya wageni kule Shela, alipofika akaombwa tena, na alipouliza ile ya kwanza iko wapi, hakupata jibu. Mwenye nyumba humgeukia kijana aliyemtengenezea programu. Kijana husema, "Iko kwenye wingu," yaani kwenye kompyuta za mbali zinazokodishwa kupitia mtandao. Kisha wote wawili hunitazama mimi.

Vijana wetu wanapolinganisha majukwaa ya wingu huuliza bei tu. Heroku, mojawapo ya majukwaa hayo, ilipofuta huduma zake za bure Novemba 2022, wengi walihamia kwingine, na mpaka leo wanatafuta cha bure. Hatugombani na cha bure. Kwa majaribio, jukwaa la Render la bure latosha, ingawa programu hulala ikikaa dakika 15 bila mtu, na atakayebisha hodi baada ya hapo hungoja. Lakini jukwaa la aina hii hukupa pahali pa kuendeshea msimbo, si kabati la faili. Heroku, kwa mfano, huwasha upya kontena zake (visanduku vinavyoendesha programu) angalau mara moja kwa siku, na chochote kilichoandikwa kwenye diski ya kontena hufutika. Jambo hilo limeandikwa wazi katika maelezo yao. Pasipoti "iliyopotea" mara nyingi haikuibwa na mtu. Iliwekwa kwenye diski ya muda badala ya hifadhidata au ghala la faili.

La pili ni eneo, yaani mahali zilipo kompyuta za jukwaa. Microsoft ilifungua vituo vya wingu lake, Azure, Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town 2020, na Google Johannesburg 2024. Kituo kikiwapo haimaanishi kila huduma ipo humo, kwa hivyo angalia kabla ya kulipa. Kwenye App Engine, jukwaa la Google la kuendeshea programu, ukishachagua eneo la mradi huwezi kulibadilisha. Itabidi uanze mradi mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data haikatazi data kupelekwa nje ya Kenya, kama wengi wanavyodhani. Inataka uwe na msingi wa kuihamisha na uweze kuonyesha kwamba huko iendako italindwa. Data nyeti, mfano taarifa za afya, zataka pia idhini ya mwenyewe.

Wataalamu wa data nao wana yao. Colab ya bure, daftari la Google la kuandikia na kuendeshea msimbo mtandaoni, hukupa kipindi kisichozidi saa 12, na faili zilizo kwenye mashine hiyo huondoka nayo. Daftari kama hilo la SageMaker ya Amazon usipolizima huendelea kukutoza hata ukilala. Na orodha ya wagonjwa haifai kupakiwa kwenye daftari la majaribio. Sikutarajia kulazimika kuliandika hili.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo watu husema "mimi ni mdogo." Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mwenye nyumba ya wageni ni mdhibiti wa data, yaani anayeamua itumikeje, na kampuni ya wingu ni mchakataji, anayeishughulikia kwa niaba yake. Ni kweli, mwenye mapato ya mwaka chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10 husamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Data. Msamaha huo hauzihusu biashara za ukarimu, shule, wala wanaotibu wagonjwa. Katika ukarimu, waongoza watalii tu ndio wasiohesabiwa humo. Biashara ndogo hulipa shilingi 4,000, cheti hudumu miaka 2, na kukihuisha ni 2,000. Maombi hufanywa mtandaoni. Huna haja ya kupanda boti kwenda Mokowe.

Data ikivuja na kuna hatari kwa wenyewe, mchakataji ana saa 48 kukuarifu, nawe una saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna. Usingoje kwanza mtu wa kompyuta arudi kutoka Mombasa. Faini ya Kamishna yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Makosa ya jinai yasiyo na adhabu yake mahususi yana faini isiyozidi milioni 3, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Mkija ofisini, njooni wawili, mwenye nyumba na kijana wake, na mje na jina la jukwaa na eneo lililochaguliwa. Nenosiri liacheni nyumbani.