Joto la nyumba, nafasi ya karakana na gharama ya kuhama: hesabu ya fundi wa Njombe

Mei ikishaisha, mafundi wenzangu wa Njombe, Makete na Mufindi, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, huanza kunipigia simu. Mmoja anauliza hita gani haili umeme. Mwingine anauliza kama fremu, yaani chumba cha biashara, ya futi 10 kwa 12 inatosha kuweka msumeno wa meza. Mwingine ameshachoka kabisa, anataka kuhamia Makambako kwa sababu amesikia kule baridi si kali na nyumba zina uwanja wa kutosha. Ukiwasikiliza kwa makini unakuta shida yao ni moja: fedha ni ile ile kidogo, na inatakiwa iwapatie watoto joto usiku, iipatie mashine mahali pa kukaa, na ikibidi ilipe dalali na gari la mizigo.

Mimi ni seremala, na kwa muda mrefu nimefundisha vijana ufundi pamoja na hesabu za karakana. Msimamo wangu ni kwamba mambo haya yasihesabiwe kila moja peke yake. Fundi anayetafuta joto bila kufikiria karakana huishia kulipa umeme wa bei ya juu. Anayetafuta karakana bila kufikiria joto huhamisha familia kwenye nyumba inayopitisha upepo. Na karibu kila mara, shilingi ya kwanza inafaa iende kwenye dari.

Tuanze na hita, maana ndiyo inayowavutia wengi. Hita ndogo ya wati 2,000 ikiwaka saa nne kila jioni inakula uniti 8, sawa na uniti 240 kwa mwezi. Mteja wa nyumbani asiyezidisha uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na ukiweka VAT pamoja na tozo za EWURA (mdhibiti wa nishati) na REA (wakala wa umeme vijijini) inafika 122. Anayezidisha mfululizo huhamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, shilingi 292 kabla ya kodi, yaani kama 356 mkononi. Sasa chukua familia inayotumia uniti 60 kwa taa, simu, televisheni na pasi. Inalipa shilingi 7,320 kwa mwezi. Ongeza hita ile, zinakuwa uniti 300, na kwa bei ya 356 unalipa shilingi 106,800. Kwa mafundi wengi ninaowajua, hiyo ni kodi ya nyumba nyingine nzima.

Kwa hiyo watu wanarudi kwenye jiko la mkaa, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini, kwa sababu kila msimu wa baridi tunazika watu. Wengi wanaamini mkaa ukishashika, moshi ukaisha na majivu meupe yakaufunika, jiko sasa ni salama kuingiza chumbani. Si kweli. Mkaa unaowaka bila moshi bado unatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu wala rangi. Ukifunga mlango na madirisha kuzuia baridi, hewa hiyo inajaa chumbani, inamlegeza aliyelala, na haamki. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata likiwa dogo, hata kwa nusu saa, hata mtoto akiwa na mafua. Mwenye kutaka moto ndani ya nyumba awe na bomba la moshi linalotoka juu ya paa.

Nyumba za zamani za misheni na za mashamba ya chai huku kwetu zilijengwa na mahali pa moto ukutani. Zinapendeza, lakini moto wa wazi wa namna ile hupeleka sehemu kubwa ya joto lake juu pamoja na moshi, na kuni zinakwisha upesi. Jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango mdogo na bomba, linatumia kuni kidogo zaidi kwa joto lile lile. Bomba likipita kwenye mbao za paa, liwekewe bomba kubwa zaidi kwa nje, pabaki nafasi ya hewa katikati. Bomba la moto likigusana na papi kavu ya paini, ule ubao mwembamba wa paa, linatosha kuchoma nyumba.

Seremala ana bahati katika jambo hili, kuni anazo. Lakini si kila kipande ni kuni. Mabanzi ya paini yaliyotoka kukatwa yana maji mengi kiasi kwamba sehemu ya nguvu ya moto inakwenda kuyakausha badala ya kukupa joto, na bomba linajaa masizi. Yakaushe chini ya paa, upepo upite pembeni, tangu Septemba ili uyatumie Juni inayofuata. Miwati, miti ile ya magome ya kutengenezea ngozi, ni bora kuliko paini kwa moto wa muda mrefu, na Njombe haikosi miwati, imepandwa kibiashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Usichome kabisa vipande vya nguzo au mbao zilizotiwa dawa zile zenye rangi ya kijani, kwa sababu dawa hiyo ina aseniki na majivu yake ni sumu. Vipande vya MDF, zile bodi za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, navyo usivitie motoni, gundi yake inatoa mvuke mbaya.

Baada ya haya yote narudi kwenye dari. Nyumba nyingi za kupanga zina tofali za kuchoma zilizojengwa vizuri, kisha juu kuna bati tupu. Joto linapanda, linagusa bati, linaondoka. Na pale ukuta unapokutana na bati huachwa upenyo ambao mkono wa mtu mzima unapita. Nenda usiku wenye upepo ukiwa na utepe mwembamba wa maranda, ule unaotoka mzima kwenye randa iliyonolewa vizuri, ushike karibu na upenyo huo. Utauona unavyopeperuka. Familia inayowasha jiko chini ya upenyo wa namna hiyo inapasha moto mtaa.

Chumba kimoja tu kinatosha. Chagua chumba wanacholala watoto, ziba upenyo wa juu kwa tofali na udongo au kwa vipande vya mbao, kisha piga dari ya plaiwudi nyembamba au silingbodi. Asiye na uwezo huo atandaze viroba safi, tabaka mbili, chini ya kenchi (mbao zinazobeba paa), avikaze kwa papi. Havipendezi kama jipsamu, lakini hewa imezuiwa, na joto la miili ya watu wanne linaanza kubaki chumbani. Kuna wanaomwaga maranda juu ya dari yazuie joto zaidi. Mimi siwashauri, kwa sababu nyaya za umeme zinapita huko na maranda yanashika moto haraka mno. Kabla ya kupigilia chochote, mwombe mwenye nyumba akate gharama hiyo kwenye kodi, na makubaliano yaandikwe. Wengi wanakubali, dari inabaki kwake.

Sasa karakana. Watu hupima karakana kwa kuangalia mashine inakaa wapi. Pima kwa mbao inavyopita. Mbao zetu ni za futi 12. Ukiipasua kwenye msumeno wa meza, unahitaji futi 12 kabla ya msumeno na futi 12 baada yake, zaidi ya futi 24 kwa mstari mmoja. Ndiyo maana kwenye fremu za mjini unaona fundi ameelekeza msumeno mlangoni na mbao inatokea barabarani, mwenzake amesimama nje kuzuia wapita njia. Mvua ikinyesha kazi inasimama. Uwanja wenye banda refu la futi 30 kwa 10 unakufaa kuliko chumba cha mraba chenye eneo kubwa zaidi.

Baridi nayo inaingia karakana kwa njia ambayo wengi hawaihesabu. Gundi nyeupe ya mbao haishiki sawasawa chini ya nyuzi 10 hivi, na asubuhi zetu za Juni na Julai hushuka chini ya hapo. Ukitaka kujua, bandua kiungo kilichopakwa asubuhi ya baridi: badala ya utando mgumu unaopitisha mwanga, utakuta unga mweupe kama chaki. Kiti hicho kitaonekana kizima siku ya kukikabidhi na kitalegea mteja akishakizoea. Vanishi nayo inachelewa kukauka, vumbi linaikuta bado mbichi.

Hata hivyo usijaribu kupasha moto karakana nzima. Banda la mabanzi haliwezi kushika joto, na moto karibu na maranda na tina ya kuzimulia rangi ni msiba unaosubiri siku. Tenga chumba kidogo cha kuunganishia, hata stoo ya nyumbani, chenye dari. Gundi ilale ndani ya nyumba usiku. Kupasua na kuranda fanya asubuhi, kupaka gundi fanya kuanzia saa tano jua likiwa limeshika, na klampu zibaki hadi jioni. Mpangilio huu hauna gharama yoyote, na umewaokolea vijana wangu viti vingi kuliko hita yoyote.

Ukihamishia karakana nyumbani, jambo la kwanza ni mita. Mota ya nguvu farasi 3 inakula karibu uniti 2.2 kwa saa. Ikifanya kazi saa mbili kwa siku, siku 26, ni uniti 114, na hapo familia yako imeshatoka kwenye bei ya 122. Omba mita ya pili kwa ajili ya karakana, ya nyumbani ibaki chini ya uniti 75. Uliza pia kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU ya nani, na kama ni yako, ipunguzwe kwenye pango.

Kijana aliyenifanya niandike haya anaishi Njombe mjini na mke na watoto wawili. Analipa nyumba 70,000 na fremu 60,000, jumla 130,000. Amepata nyumba yenye uwanja Makambako kwa 110,000, anaona ataokoa 20,000 kila mwezi. Tukaweka karatasi mezani. Dalali anataka mwezi mmoja, 110,000. Fuso na wapakiaji 180,000. Banda la mabanzi na bati 430,000. Hizo ni 720,000 ambazo hazirudi. Kwa kuokoa 20,000 kwa mwezi, atazirudisha baada ya miezi 36. Na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, 660,000 nyingine, kwa hiyo siku ya kuhama anahitaji 1,380,000 mkononi. Fedha hiyo ndiyo mtaji wake wa mbao. Atafika Makambako na uwanja mkubwa bila cha kupasua.

Tukaigeuza hesabu. Kama banda refu litamwezesha kutoa kitanda kimoja zaidi kwa mwezi chenye faida ya 60,000, basi anapata 80,000 kwa mwezi na gharama inarudi ndani ya miezi 9. Hapo kuhama kunaingia akilini, kwa masharti. Mkataba uwe wa miaka miwili. Banda lifungwe kwa bolti na skrubu, si misumari, na mkataba useme kwamba ni mali yake, ili akiondoka aondoke nalo. Na wateja wawepo kweli. Makambako ni njia panda ya Songea kwenye barabara kuu ya Zambia, reli ya TAZARA inapita pale, biashara ipo, lakini wateja wanaomjua wako Njombe, kilomita 60 hivi nyuma yake.

Kuhusu baridi, tofauti ni ndogo kuliko anavyofikiri. Makambako iko chini ya Njombe kwa mita kama 200 au 300, na joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo atapata nafuu ya kati ya nyuzi 1 na 2. Lakini Makambako ina upepo mkali, na nyumba aliyopiga picha haina dari wala haijazibwa juu. Nilimwambia aende kuilala usiku mmoja, au angalau aifikie saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kumpa dalali hata senti.

Tulikubaliana hivi. Mwaka huu anabaki Njombe. Wiki hii anaziba upenyo na kupiga dari chumba cha watoto, gundi inahamia ndani, na kazi za kuunganisha zinafanywa mchana. Kila kitanda kinachouzwa kinaacha kiasi kidogo pembeni kwa ajili ya banda. Kodi yake ya fremu inaisha Desemba, na hadi wakati huo atakuwa ameulizia viwanja vya pembezoni kama Kibena, ambako anaweza kupata nafasi ndefu bila kuwaacha wateja wake. Akiamua Makambako, asipakie mbao zake kwenye Fuso bila risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, wakala wa misitu, na leseni ya biashara aifuatilie halmashauri ya kule kabla ya kuwasha mashine.