Vanishi kung'aa si kinga ya jua

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: kibao cha duka kipake vanishi yoyote isiyo na rangi, mradi inang'aa, jua halitakigusa. Si kweli. Rangi hupaushwa hasa na mionzi ya urujuanimno (UV), yaani mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, na mng'ao hauizuii. Vanishi nyingi za fanicha za ndani, zikikaa juani, hugeuka njano, hupasuka na kubanduka magamba magamba.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu wiki za kwanza kibao hupendeza kweli, na picha hupigwa siku hizo.

Soma kopo: liseme ni ya nje na inakinga mionzi hiyo. Hata hivyo, inachelewesha tu kupauka. Unataka kuhakikisha? Paka kipande cha ubao rangi, kisha vanishi, funika nusu kwa bati, kiache juani miezi kadhaa, ulinganishe. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.