Je, wajua kwa nini aliyezama hakamuliwi maji?

Nikiwa mdogo, huko Mkokotoni, Unguja, kijana mmoja alitolewa majini siku ya bamvua, kalegea kama kanga mbichi. Mzee mmoja akamshika miguu, akamning'iniza kichwa chini, akamtikisa. Maji yakamtoka mdomoni, kijana akakohoa, pwani nzima ikashusha pumzi. Toka siku ile nikaamini kwamba aliyezama ni mtungi uliojaa, kazi ni kuumwaga.

Sivyo. Mengi ya maji yale hutoka tumboni, alikoyameza akihangaika. Kijana alikohoa kwa kuwa alikuwa bado anapumua. Angekohoa hata angelazwa mkekani. Sifa akachukua mzee. Kumkamua tumbo ndiko kubaya zaidi, maana hutapika, na matapishi yakaingia njia ya pumzi. Wazungu nao walikuwa na yao: karne ya 18, aliyezama alipulizwa moshi wa tumbaku kupitia njia ya haja kubwa, na vifaa vya kazi hiyo viliwekwa kando ya mto Thames, London.

Maji yanayofika mapafuni kwa kawaida ni kidogo. Mbona basi yanaua? Mapafu yana mamilioni ya vifuko vya hewa, vidogo kama chembe za mchanga, vilivyopakwa ndani utando laini mfano wa sabuni. Chukua mfuko wa plastiki (ukiupata, tangu upigwe marufuku). Mkavu hufunguka kwa pumzi moja. Uloweshe ndani uone: kuta zinagandana, unapuliza mpaka mashavu yanauma. Utando ule ndio unaozuia kugandana, na maji huuharibu. Tena maji ya bahari yana chumvi karibu mara 4 ya damu, kwa hiyo huvuta maji mengine kutoka kwenye damu. Unamwaga huku, yanachuruzika kule.

Anachokosa ni hewa. Ikiwa hapumui, mlaze chali, rudisha kichwa nyuma, inua kidevu, bana pua, umpulizie mdomoni kwanza: miongozo ya Ulaya husema pumzi 5, mingine 2. Kisha kandamiza kifua mara 30, pumzi 2, hivyo hivyo mpaka msaada ufike. Povu likitoka, usipoteze muda kulifuta. Kukandamiza bila kupuliza ni daladala inayokwenda mjini bila abiria: damu inazunguka, oksijeni haimo.

Na aliyezinduka apelekwe hospitali, kwani pumzi huweza kuharibika saa kadhaa baadaye. Kijana wetu jioni ile alirudi kuogelea.