Je, wajua kwa nini Lotus Elise hukamata kona ilhali springi zake ni laini?

Waulize wapenzi wa magari namna ya kulifanya gari likamate barabara kwenye kona, wengi watakujibu: lishushe, kisha ulifunge springi ngumu. Lotus, kampuni ya Hethel huko Norfolk, Uingereza, ilishika njia nyingine. Elise yake ya mwaka 1996 ilipewa springi laini kuliko ungetarajia kwa gari la michezo, na bado ilisifiwa sana kwa namna inavyokata kona.

Anza na uzito. Elise ya kwanza ilikuwa na kilo 725 hivi, na chesi yake ya alumini, iliyoungwa kwa gundi badala ya kuchomelewa, ilikuwa na kilo 68 tu. Gari likikata kona, mzigo huhamia matairi ya upande wa nje. Tairi nalo lina tabia yake: ukilizidishia mzigo mara mbili, mshiko huongezeka lakini haufiki mara mbili. Kwa hiyo kadiri mzigo unavyohama, ndivyo mshiko wa jumla unavyopungua. Springi ngumu hazizuii mzigo huo kuhama! Hupunguza tu gari kulalia upande. Kiasi kinachohama huamuliwa hasa na uzito wa gari, kimo cha kitovu cha uzito huo, na umbali kati ya matairi ya kushoto na kulia. Gari jepesi lililo chini limeshafaidika kabla fundi hajashika spana.

Springi laini zinafaa kwa sababu barabara ina mabonde na viraka. Tairi likipanda kiraka katikati ya kona, springi ngumu hulirusha juu, na tairi lililo hewani halishiki kitu. Laini huliacha lifuate barabara, halafu shokapu iliyopimwa vizuri huzuia gari lisiendelee kudunda. Kwa maoni yangu, ufundi wenyewe uko kwenye shokapu.

Stabilaiza nayo, yaani nondo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia ili gari lisilalie upande sana, Lotus waliiweka mbele tu. Ukikaza mbele, matairi ya mbele huanza kuteleza kabla ya yale ya nyuma, jambo la salama zaidi kwa dereva ambaye injini iko nyuma ya mgongo wake.

Wepesi huo una masharti. Abiria wa kilo 75 ni zaidi ya asilimia 10 ya gari zima, na rimu nzito huipa shokapu kazi ambayo haikupimiwa. Mwenye Elise akitaka kubadilisha rimu, aziweke kwanza kwenye mizani.