"Ngoja kwanza utimize miaka kumi": dhana potofu kuhusu pensheni ya ulemavu Australia

"Ngoja kwanza utimize miaka kumi ndipo uombe." Nawasaidia Waswahili wenzangu hapa Australia kupeleka Centrelink, ofisi ya serikali inayolipa mafao, maombi ya pensheni ya ulemavu, na kauli hii nimechoka kuisikia. Inapita kanisani, msikitini, misibani, na kila anayeisema anaamini anamsaidia mwenzake. Anamnyima haki.

Sheria inadai miaka 10 ya ukaazi, yaani kuishi hapa ukiwa raia au mwenye viza ya kudumu, ama mfululizo, ama kwa vipindi vinavyozidi miaka 10 kwa jumla huku kimoja kikiwa si chini ya miaka 5. Hapo wengi huacha kusoma, ilhali sheria hiyohiyo inaendelea. Kama uwezo wako wa kufanya kazi umepotea ukiwa tayari mkaazi wa Australia, sharti la miaka 10 halikuhusu. Kijana aliyepata viza ya kudumu mwaka jana, kisha akaanguka kazini na kuvunjika uti wa mgongo, hana miaka ya kungoja. Vipimo vya kitabibu atapitia kama wengine wote, lakini si muongo mzima. Aliyepofuka kwa kudumu akiwa mkaazi hapa naye ni vivyo hivyo.

Tena soma vizuri: kinachotazamwa ni siku uliposhindwa kazi, si siku ugonjwa ulipoanza. Chukua mfano wa mama aliyeugua polio utotoni, akaja kwa viza ya ndoa, akapata viza ya kudumu, akafanya usafi hotelini miaka mitatu mpaka mguu na mgongo vikagoma. Polio alikuja nayo, lakini nguvu za kazi zimemwishia hapa, akiwa mkaazi. Ana haki ya kuomba leo. Ndiyo maana mtu akija kwangu namuomba hati za mshahara kabla ya picha za eksirei. Na barua ya daktari isiyosema mgonjwa alishindwa kazi lini haitoshi. Mwombe daktari aandike mwezi na mwaka, na aeleze ni kitu gani kilibadilika wakati huo.

Wakimbizi nao wamesamehewa miaka 10, hata kama ulemavu walitoka nao kambini Kakuma au Nyarugusu. Hawa ni wenye viza za kudumu za kibinadamu, namba 200 hadi 204, na wenye viza ya ulinzi namba 866. Ukipata uraia baadaye msamaha haufutiki. Ila kinachoangaliwa ni viza, si masaibu: aliyekimbia vita ileile lakini akaingia kwa viza ya ndoa hahesabiwi mkimbizi hapa, na atahitaji kutazama njia ile ya kwanza, ya aliyeshindwa kazi akiwa mkaazi.

Kungoja kuna gharama. Kwa kawaida pensheni huanzia siku ulipoomba, na miezi uliyokaa ukimsikiliza jirani hairudi.

Kuna na dhana nyingine ninazozisikia. "Miaka yangu ya chuo inahesabiwa." Haihesabiwi. Viza ya mwanafunzi ni ya muda, na ile ya mpito unayokaa nayo ukingoja majibu ni hivyohivyo. Hesabu huanza ukiwa na viza ya kudumu na unaishi hapa.

"Lazima uwe raia." Si lazima.

"Nikienda kumzika baba Bujumbura, miaka inaanza upya." Hapana. Ukaazi hupimwa kwa makao yako, familia, kazi, mali na namna unavyosafiri. Wiki sita za msiba hazivunji makazi ya mtu ambaye maisha yake yako Brisbane. Watu wanachanganya jambo hili na kanuni nyingine: ukishapewa pensheni, kukaa nje zaidi ya siku 28 ndani ya miezi 12 kunaweza kusimamisha malipo, isipokuwa kwa makundi machache, kama wenye ulemavu mkali wasiotarajiwa kuweza kazi tena. Na siku ya kuomba uwe ndani ya Australia.

"Miaka yangu ya NSSF Kenya itaunganishwa." Australia ina mikataba ya hifadhi ya jamii na nchi kadhaa, lakini Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo.

"Bila pensheni hupati NDIS." NDIS ni mpango wa taifa wa kugharamia msaada kwa wenye ulemavu; ni mipango miwili tofauti. NDIS haina sharti la miaka 10. Inataka uwe na ukaazi unaokubalika na uombe kabla ya kufikisha miaka 65.

Ukikataliwa kwa sababu ya ukaazi, usikunje barua ukaiweka kabatini. Uliza kwanza wametumia tarehe gani kuwa ndiyo siku uliposhindwa kazi, maana makosa mengi ninayokutana nayo yako hapo. Kisha omba mapitio ndani ya wiki 13 tangu ulipoarifiwa. Ukiomba ndani ya muda huo na ukashinda, malipo yanaweza kuanzia tarehe ya ombi la awali. Ukichelewa, yataanzia siku ulipoomba mapitio.