Draiva mbili, chipu moja: seva inaposoma joto la uongo

Seva haina kazi yoyote nzito, feni zinazunguka polepole, ila amri ya `sensors` ya Linux inadai joto limefika nyuzi 127. Sekunde chache baadaye inasema 41. Wengi hukimbilia kulaumu kihisi. Mara nyingi kihisi hakina kosa. Tatizo ni kwamba kuna wawili wanaokisoma kwa wakati mmoja.

Chipu nyingi za ubao mama zinazopima joto, volti na mwendo wa feni husomwa kwa hatua mbili. Unaandika namba ya rejista (kisanduku kidogo cha data ndani ya chipu) kwenye poti ya kwanza, kwa kawaida 0x295, kisha unachukua jibu kwenye poti ya pili, 0x296. Sasa draiva, yaani programu inayoendesha chipu kwa niaba ya mfumo, ikiisha kuomba rejista ya joto, na kabla haijachukua jibu programu ya ubao wenyewe ikaingia katikati kupitia ACPI (njia ambayo ubao na mfumo huelewana kuhusu vifaa) na kuomba rejista ya feni, draiva itaondoka na mwendo wa feni ikidhani ni joto. Na hapo ni kusoma tu. Mgongano ukitokea wakati wa kuandika, thamani iliyokusudiwa kengele ya joto inaweza kutua kwenye udhibiti wa feni.

Ndiyo maana kerneli, kiini cha Linux, hukataa draiva kuingia hapo. Ukipakia draiva za chipu hizi kama `it87` au `nct6775` ukajibiwa "Device or resource busy", tazama `dmesg`, kumbukumbu za ujumbe wa kerneli: utakuta mstari unaotaja anwani zinazogombaniwa na ACPI. Utashauriwa uongeze `acpi_enforce_resources=lax` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli. Namba zitaonekana, ni kweli, lakini hapo hujaamua ugomvi, umemfukuza mwamuzi. Kwenye mashine ya majaribio, shauri yako. Kwenye seva inayohudumia watu, mimi siruhusu.

Seva nyingi zina BMC, kompyuta ndogo inayojitegemea ndani ya seva, ambayo tayari inasoma vihisi hivyohivyo. Iulize hiyo kwa `ipmitool sensor`, na draiva ya chipu iache ipumzike.

Kuna pia ugomvi wa draiva kwa draiva. Kwenye prosesa za AMD, draiva za joto `k10temp` na `zenpower` hutaka kifaa kilekile, na aliyewahi ndiye anayekishika. Chagua moja. Ukitaka `zenpower`, andika `blacklist k10temp` kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d/`, kisha utengeneze upya initramfs, faili dogo la mfumo linalopakiwa mwanzoni mwa kuwasha: `update-initramfs -u` kwa Debian, `dracut -f` kwa Fedora. Hatua hii ya pili husahaulika sana, halafu mtu anashangaa moduli aliyoizuia imerudi.

Ukishawasha upya, pitia skripti zako za ufuatiliaji. Kerneli huvipa vihisi majina ya namba, na iliyokuwa `hwmon2` jana huenda leo ni `hwmon1`, kwa hiyo skripti itafute kihisi kwa jina lililo kwenye faili `/sys/class/hwmon/hwmon*/name`. Na ikisoma 45000 kwenye `temp1_input`, usishtuke: hizo ni nyuzi 45, kerneli huhesabu kwa sehemu za elfu za nyuzi.